Jinsi ya Kuandika Riwaya Nyepesi ya Mapenzi ya Likizo Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yale yale: riwaya iwe na sura ngapi, wapendanao wakutane wapi, je, lazima iishe vizuri, na je, hadithi ya Mbeya inaweza kuwa na ufukwe? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia daftari tupu hadi mswada uliosahihishwa. Unamfaa anayetaka kuandika hadithi ya vijana wawili wanaopendana ndani ya likizo moja, hadithi ambayo msomaji wa miaka 17 ataimaliza kwa siku mbili huku akicheka.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba riwaya ya aina hii inaendeshwa na kalenda. Vijana wanakutana tarehe fulani, na mbele yao kuna tarehe nyingine ambayo mmoja lazima aondoke. Utamu wote uko katikati ya tarehe hizo. Miswada mingi inayokwama lugha yake ni nzuri tu. Tarehe ndizo hazikupangwa.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Kaunta buku moja. Kurasa za mbele weka kalenda na wahusika. Za nyuma andika maneno unayoyasikia sokoni, kwenye kosta na saluni. Usiyaamini masikio yako hadi kesho. Andika hapo hapo.
- Kalenda ya ukutani ya mwaka unaouandikia, inayoonyesha Jumapili na sikukuu.
- Simu au kompyuta yenye programu inayohesabu maneno. Simu inatosha kabisa. Google Docs inaweza kuandika bila bando ukiwasha mapema kipengele cha kutumia nje ya mtandao.
- Barua pepe yako mwenyewe ya kujitumia nakala kila Jumapili. Simu huibiwa, na mswada huenda nayo.
- Wasomaji watatu: kijana wa miaka 16 hadi 19, mtu mzima mwenyeji wa mahali unapopaandikia, na mtu mkali wa sarufi. Wasipewe kitu mpaka rasimu ya kwanza iishe.
- Saa moja kila siku kwa miezi miwili hadi mitatu.

Kuhusu urefu, lenga maneno 30,000 hadi 40,000. Sura 24 zenye maneno 1,500 kila moja zinakupa 36,000, ambayo kwa kitabu cha saizi ya A5 ni kurasa 130 hivi. Chini ya 20,000 umeandika hadithi ndefu, si riwaya. Ukivuka 50,000, wepesi unaanza kupotea na hadithi inaanza kuvuta miguu.

Hatua ya 1. Chagua likizo, kisha ifuate bila kudanganya

Riwaya za namna hii zilizoandikwa Marekani na Ulaya hutumia Juni hadi Agosti kwa sababu huko ndiyo miezi ya joto. Ukiibeba miezi hiyo jinsi ilivyo, utamvalisha binti gauni la mikono wazi pale Uyole mwezi Julai saa 12 asubuhi, na msomaji wa Mbeya atakifunga kitabu. Huku kwetu Juni hadi Agosti ni kiangazi cha baridi: anga safi, vumbi, upepo, na kule Kitulo, Makete na Njombe umande huweza kuamka umeganda juu ya majani. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei.

Una likizo tatu za kuchagua.

a) Kipindi cha baada ya mtihani wa kidato cha sita. Mtihani hufanyika Mei, matokeo kwa kawaida hutoka Julai, maombi ya vyuo na mikopo yanafuata, na vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Hapa usiisahau JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa mafunzo ya mujibu wa sheria, na kila msomaji aliyepita huko ataulizia. Tena ni zawadi kwa mwandishi: wapendanao wana wiki mbili tatu tu kabla ya kuripoti kikosini, halafu kikosini hakuna kushika simu. Angalia ratiba ya mwaka unaouandikia, maana tarehe na muda wa mafunzo hubadilika.

b) Likizo ndefu ya vyuo, takribani Julai hadi Oktoba, ambayo kwa wengi huingiliana na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Hii ndiyo inayompa mwanagenzi nafasi kubwa kuliko zote: wahusika wamevuka miaka 18, wana uhuru wa kusafiri, na ndani yake mna Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya mwezi Agosti.

c) Desemba na Januari. Mvua, matope, ndugu wanarudi kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, nyumba zimejaa. Ni tamu kwa vichekesho vya kifamilia, ila ni fupi. Inafaa hadithi ya maneno 20,000 hivi.

Ukishachagua, zungushia kwenye kalenda ya ukutani siku ya kukutana na siku ya kuondoka. Kisha hesabu wiki zilizo katikati.

Makosa ya msimu yanayojirudia: maua ya Kitulo mwezi Julai, wakati huchanua zaidi Desemba hadi Aprili; babu wa Iringa anakunywa ulanzi mbichi Agosti, wakati mianzi hugemwa msimu wa mvua; wapendanao wanajikinga mvua Mbeya mjini katikati ya Agosti. Kama lazima inyeshe wajibanze barazani, wapeleke Tukuyu, ambako hata kiangazi hakikosi manyunyu, au hamishia hadithi Desemba.

Hatua ya 2. Panga umri na hali ya masomo

Weka wote wawili miaka 18 au zaidi, na wawe wamemaliza sekondari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Msomaji wako anayajua haya. Ukimweka mvulana wa chuo na binti wa kidato cha tatu, wepesi umekufa hapo hapo, na ni haki ufe. Umri ukae wazi katika sura mbili za kwanza, kwa kazi au chuo anachosoma mhusika, bila kutangaza tarehe ya kuzaliwa.

Kwa mfano wa mwongozo huu tutamtumia Atupele, miaka 20, anayesoma chuo Iringa, aliyerudi Mbeya kumsaidia mama yake mdogo kwenye meza ya mitumba katika soko la Mwanjelwa. Na Lusajo, miaka 21, anayesoma Dodoma, kwao Kyela, chini kwenye joto karibu na Ziwa Nyasa, aliyekuja kumsaidia mjomba wake sokoni humo humo. Wanakutana Jumamosi ya katikati ya Julai. Vyuo vinafunguliwa katikati ya Oktoba. Wiki 13.

Hatua ya 3. Mpe kila mmoja shida yake kabla ya mapenzi

Andika sentensi tatu kwa kila mhusika: anataka nini kufikia mwisho wa likizo, anaogopa nini, na anaficha nini. Anachotaka kiwe kitu kinachoshikika. Atupele anataka kupata fedha ya kompyuta ya mkononi kutokana na mauzo ya makoti. Anaogopa kwamba mama mdogo atamwomba aache chuo abaki sokoni. Anaficha kwamba ana somo moja la kurudia Septemba. Lusajo anataka kumwonyesha baba yake kwamba anaweza kujilipia kodi ya chumba bila kuuza kakao ya nyumbani, anaogopa baridi na aibu kwa kiwango kimoja, na anaficha kwamba mjomba wake ndiye jirani asiyesalimiana na mama mdogo wa Atupele.

Mhusika ambaye shida yake pekee ni kutokuwa na mpenzi hatabeba sura 24. Ataishia kutazama dirishani na kupumua.

Hatua ya 4. Tafuta kikwazo kisicho na mwovu

Wanaoanza huleta mama wa kambo mkatili, sumu, au tajiri anayetaka kumwoa binti kwa nguvu. Hivyo ni vikwazo vya riwaya nyingine. Riwaya nyepesi inataka kikwazo ambacho msomaji anawahurumia watu wote waliomo. Mfano wetu: mjomba na mama mdogo wamegombana juu ya hatua moja na nusu ya nafasi ya meza, na kila mmoja ana hoja ya kweli. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kufika. Mjomba ndiye aliyelipia paa.

Kikwazo kikishapatikana, kipime kwa swali la simu. Je, wawili hawa wangepigiana simu dakika tano, shida ingeisha? Ikiwa ndiyo, bado huna kikwazo. Kutoelewana kwa "alimwona na mwanamke mwingine, kumbe dada yake" hakumshawishi tena mtu mwenye WhatsApp. Bando kuisha na mtandao kukatika milimani vinaweza kuchelewesha ujumbe kwa sura moja. Haviwezi kubeba kitabu.

Hatua ya 5. Chora ramani ya sura

Chukua ukurasa mzima wa kaunta buku, andika namba 1 hadi 24, na mbele ya kila namba weka tarehe, mahali, na tukio kwa mstari mmoja. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu:

1–2: Wanakutana, na mkutano una hasara ndogo kwa mmoja wao.
3–4: Atupele anagundua Lusajo anafanya kazi soko hilo hilo. Kuna sababu inayowalazimisha waendelee kuonana.
5–8: Kazi ya pamoja. Wanazoeana kupitia kitu wanachokifanya kwa mikono.
9–10: Nane Nane. Umati, pilikapilika, siku ya kwanza wanayokuwa pamoja bila wakubwa.
11–12: Neno linasemwa. Hapa ni katikati ya kitabu, usivuke.
13–15: Safari ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Raha tupu, na siri moja inaanza kuvuja.
16–18: Siri zote mbili zinajulikana, kwa njia mbaya.
19–20: Hawasemeshani.
21–22: Mmoja anafanya jambo lenye gharama kwake.
23: Wanaonana.
24: Stendi.

Angalia sura ya 21 na 22 kwa makini, ndizo zinazoharibika zaidi. Kuomba msamaha kwa maneno mazuri hakutoshi. Lusajo anapomwambia mjomba mbele ya watu kwamba ni upande wao uliovuka mstari wa meza, anaweza kupoteza pa kulala. Gharama hiyo ndiyo msomaji anayoisubiri.

Hatua ya 6. Andika mkutano wa kwanza kwa vitu vya mkononi

Tenga siku tatu kwa sura hii peke yake. Rasimu nyingi huanza hivi:

*Lusajo alipomwona Atupele moyo wake ulilipuka. Hakuwahi kuona msichana mzuri kama yule. Macho yake yaling'aa kama nyota na tabasamu lake lilimfanya asahau dunia.*

Hapo hakuna mtu, hakuna mahali, na Julai haipo. Sasa mkutano huo huo ukiwa Mwanjelwa:

*"Hilo ni la kike," Atupele alisema bila kuinua macho kwenye belo.*

*Lusajo alikuwa ameshapitisha mkono mmoja. Mikono iliishia juu ya viwiko, na vifungo vilikuwa upande wa kushoto.*

*"Lina joto?"*

*"Joto linalo."*

*"Basi ni la kwangu. Bei gani, dada?"*

*"Kumi na tano. Kwa mtu wa Kyela kumi na nane."*

*"Nani kakwambia mimi wa Kyela?"*

*Ndipo akainua macho, akaangalia vidole vya miguu vilivyopauka kwa vumbi na baridi. "Julai hii, kaka, na ndala?"*

*Nyuma ya lundo mama mdogo alikohoa. Lusajo akashtuka, akainamisha kichwa haraka. "Shikamoo, mama."*

*"Marahaba, baba. Mpe kwa kumi na tano huyo, ana adabu. Ila lile la kiume la mia tano zaidi limeondoka asubuhi."*

Tazama kinachofanyika. Hakuna aliyesema mwenzake ni mzuri. Baridi imewaleta pamoja, na tofauti ya kwao na huku imejitokeza kwenye ndala. Binti ameonyesha akili yake kupitia kazi anayoijua. Mkubwa yupo, na salamu imebadilisha bei. Na Lusajo ameondoka na koti la kike, ambalo litarudi sura ya 3, ya 10 na ya 24. Kila sura ya kwanza iwe na kitu kimoja cha namna hiyo, kitu chenye mwili kinachoweza kupita mkono hadi mkono.

Hatua ya 7. Chagua vituo vinne tu

Mwanagenzi hutaka kutembeza wahusika Nyanda za Juu zote: Isimila, Gangilonga, Ngosi, Daraja la Mungu, Kitulo, Ruaha. Hadithi inageuka kipeperushi cha utalii. Vituo vinne vinatosha, kimoja cha kila siku na vitatu vya tukio. Sisi tuna Mwanjelwa, viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane, Matema, na stendi.

Matema ndiyo jibu la swali la ufukwe. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ukitoka na kosta asubuhi, ukaacha barabara kuu pale Uyole, ukapita migomba na chai ya Tukuyu, ukashuka Kyela, siku hiyo hiyo unavua tabaka moja baada ya jingine. Huu ni mteremko mzuri sana wa kimapenzi na waandishi wetu wanautumia kidogo mno. Anza sura watu wakiwa na sweta na mvuke mdomoni, imalize wakiwa miguu peku mchangani, Milima ya Livingstone imesimama nyuma ya maji. Lusajo, aliyekuwa anatetemeka sura zote za mwanzo, huku chini yuko nyumbani, na sasa ni zamu ya Atupele kutokwa jasho na kuuliza maswali. Ukiweka vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe mikononi mwa mmoja wao kwenye safari ya kurudi, utapata ucheshi wa kilomita zote za kupanda hadi mjini: chungu, kosta iliyojaa, na matuta.

Pita mwenyewe njia unayoiandika, au kaa na mtu aliyeipita mwezi uliopita. Bei na nauli ziwe chache, maana huzeeka haraka. Pia usitaje jina la kampuni ya basi kwenye tukio la basi kuharibika.

Hatua ya 8. Salamu, majina na lugha ya mdomoni

Salamu zinafanya nusu ya kazi ya kuonyesha nani ni nani. Vijana wa sokoni wataitana dada na kaka siku ya kwanza hata kama wana miaka sawa. Siku jina linapotajwa peke yake kwa mara ya kwanza, hilo ni tukio, lipe nafasi yake. Mkubwa hupewa shikamoo hata katikati ya ugomvi, na ugomvi unaoanza kwa shikamoo na marahaba unachekesha bila mwandishi kujitutumua.

Maneno ya kikabila weka machache na yawe sahihi. *Mwagonile* ya Wanyakyusa na *kamwene* ya Wahehe na Wabena yanajulikana na wengi, na yanatosha kumweka mtu mahali pake. Zaidi ya hapo muulize mzawa, tena akusomee kwa sauti. Kama bibi wa Tukuyu yumo kwenye hadithi, mila ya zamani ya Kinyakyusa ya mkamwana kumkwepa baba mkwe inaweza kukupa sura nzima: bibi anamfanyia Atupele majaribio ya kukwepa, wakati hakuna aliyeposa. Mila iandikwe kwa heshima, kichekesho kiwe kwenye haraka ya bibi.

Lugha ya mitaani isizidi maneno mawili kwa ukurasa. Misimu ya mwaka huu itahitaji maelezo baada ya miaka mitatu, lakini mzaha unaotokana na tabia ya mtu unabaki.

Hatua ya 9. Mapenzi yenyewe

Panda ngazi polepole na uzihesabu. Kupokezana kitu bila kugusana. Kukaa kiti kimoja cha kosta. Kushikana mikono kwa sababu ya umati, halafu umati ukaisha na mikono haijaachana. Neno. Busu moja, baada ya sura ya 12. Kwa riwaya hii hapo panatosha, na kitabu kinaweza kuachwa mezani nyumbani bila mtu kukificha. Ukiruka ngazi, sura zinazofuata hazina pa kwenda.

Kosa kubwa hapa ni kueleza hisia kwa majina yake: furaha, huzuni, wivu. Andika kinachofanywa na mikono. Atupele akiwa na wivu anakunja sweta moja mara nne.

Hatua ya 10. Andika rasimu bila kurudi nyuma

Maneno 600 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki kumi una maneno 36,000. Usisahihishe sura ya 1 kabla ya kumaliza ya 24. Ukigundua kosa, liandike nyuma ya kaunta buku na uendelee kana kwamba limesharekebishwa. Acha kila siku katikati ya sentensi au tukio, kesho utaanza bila kukodolea skrini.

Rasimu ikiisha iache wiki mbili. Kisha fanya mizunguko mitatu, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza ni wa tarehe: pitia kila sura ukiwa na kalenda, hakikisha Jumapili ni Jumapili na baridi ni baridi. Wa pili ni wa mazungumzo, kwa sauti, ukifunika majina ya wasemaji. Wa tatu ni wa kufuta. Kata *sana*, *kweli kweli*, *ghafla*, na kila sentensi inayoeleza mzaha uliokwisha kusemwa. Asilimia 10 ya maneno ikiondoka, umefanya vizuri.

Mambo yakienda vibaya

*Nimekwama sura ya 9 au 10.* Karibu kila mara sababu ni kwamba wahusika hawana kazi ya pamoja. Rudi sura ya 5, uwape kitu cha kufanya chenye tarehe ya mwisho. Hapa ni kuandaa banda dogo la makoti kwa ajili ya Nane Nane, siku ya kilele ikiwa Agosti 8.

*Wote wanaongea sawa.* Mpe mmoja maswali na mwingine majibu mafupi kwa sura tatu. Au chagua kitu kimoja ambacho kila mmoja hakisemi kamwe: Lusajo hataji fedha, Atupele haombi radhi kwa mdomo.

*Vichekesho havichekeshi.* Angalia kama unamcheka mtu dhaifu: mlemavu, maskini, mshamba. Hapo msomaji anajikunja. Mpe kicheko mtu mwenye uwezo aliyejiamini kupita kiasi, mfano mjomba anayeeleza mbinu za biashara huku meza yake haina mteja.

*Msomaji wangu kijana anasema binti anakera.* Hesabu maamuzi yake. Kama tangu sura ya 5 hadi ya 12 hajaamua lolote na anaamuliwa tu, mpe uamuzi mmoja kila sura tatu, hata uwe mbaya.

*Imeishia maneno 18,000.* Usijaze maelezo ya mandhari. Ongeza mtu wa tatu mwenye shida yake ndogo: rafiki wa mezani, au mdogo wake Lusajo aliyekuja bila kuaga. Nyuzi mbili za sura nne nne zinaongeza maneno 10,000 kwa haki.

*Mwisho: waoane?* Hapana, wana miaka 20 na 21. Msomaji anataka kuamini kwamba watatafutana. Kitu kimoja cha kushikika kinatosha kumwaminisha, kama tiketi ya Iringa badala ya Dodoma kwa wikiendi ya kwanza ya Novemba. Mwisho wa kifo au ajali barabarani haukubaliki katika aina hii. Aliyekupa siku zake mbili za mapumziko alikuamini.

Ukitaka kuchapa

Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na haki yako unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kitabu kinacholengwa kutumika shuleni kinahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hivyo kama ndilo lengo lako, lijue kabla ya hatua ya 9. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, na ni nafuu zaidi ikigawanyika kwa 16: kurasa 128 au 144, si 131. Mchapaji akupe nakala moja ya majaribio iliyobandikwa gundi. Ifungue katikati mara ishirini, asubuhi ya baridi, kabla hujalipia nakala zilizobaki; gundi mbovu hupasuka ikiwa baridi, na kurasa za Matema ndizo zitakazodondoka kwanza kwa sababu zipo katikati.